Ukumbi unamcheka mama mkwe aliyenitetea

Mama Mshauri, salamu nyingi.

Mimi ni mwanamke wa miaka 41, naishi Katuba, Lubumbashi, na watoto wangu wawili, msichana wa miaka 12 na mvulana wa miaka 8. Nilisoma Beaux-Arts, shule ya sanaa, hapa hapa mjini na tangu nimalize shule kazi yangu ni kuchora. Picha zangu hazina watu, hazina nyumba wala miti. Ni rangi tu: kijani cha malakiti, wekundu wa vumbi la barabara zetu wakati wa kiangazi, weusi wa ule mlima wa mabaki ya shaba unaoonekana karibu kila pembe ya mji. Marehemu baba yangu alikuwa na picha ya mamba muntu sebuleni, yule mwanamke mwenye mkia wa samaki, na mpaka anafariki alikuwa akiniuliza ni lini nitachora kitu ambacho mtu anaweza kukitambua. Wanunuzi walikuwa wachache, wengi wao wageni wa migodini, lakini tulikula na nilikuwa na amani.

Mume wangu alikwenda Kolwezi kutafuta kazi ya mgodi. Kazi akaipata, na mwanamke mwingine akampata. Sitaeleza yote. Tumeachana, mahakama imekata, watoto wamebaki kwangu.

Ninayetaka umjue ni mama yake. Siku ndugu zake walipokaa na wajomba zangu kuzungumzia mali ya kuoa, wakitaka irudishwe, yeye ndiye aliyesimama. Ni mjane, mzee, hana sauti katika ukoo ule. Alisema, "Mali ile imenipa wajukuu wawili. Anayetaka irudi, kwanza amrudishie huyu mama miaka aliyonipikia na kuniosha nilipokuwa mgonjwa." Wanaume wakanyamaza, na hakuna hata franka moja iliyorudishwa. Tangu hapo watoto huenda kwake Ruashi kila Jumapili baada ya ibada, na jioni hurudi na unga wa bukari, yaani ugali, mara nyingine na matembele ya shambani kwake.

Sasa nije kwenye vichekesho. Baada ya talaka mkono ulikataa. Nilikuwa nasimama mbele ya turubai asubuhi mpaka jua linazama, naona kitambaa tu. Halafu rafiki yangu akafungua maonyesho yake, akaniomba niseme maneno mawili. Nilipanga kuzungumzia rangi. Nikajikuta nasimulia namna watu wanavyomsalimia mwanamke aliyeachwa: yule anayekupa pole huku macho yanatafuta kama makochi bado yapo, na yule mama wa kanisani anayekuombea kwa sauti ili mtaa wote ujue kilichokupata. Watu walicheka mpaka machozi. Miaka yote nilikuwa nikisimama kando ya picha zangu nikingoja mtu aniulize kitu. Siku ile sikungoja, walinielewa papo hapo. Kijana mmoja anayeandaa usiku wa vichekesho kwenye nganda (baa) moja ya Kamalondo akanialika, nikaenda, na bado naenda.

Nilianza na majirani. Kisha nikamtengeneza mama mkwe. Anahesabu vijiko. Anafunua sufuria na kunusa. Anamwambia mwanawe, "Mke wako hajui kusonga bukari, utakufa na njaa umeketi mezani." Ukumbi mzima unaanguka kwa kicheko. Katika maisha yangu ya sanaa sijatengeneza kitu ambacho watu wamekipenda kama mwanamke huyo. Maneno yake si ya mama mkwe wangu, ambaye hajawahi kuhesabu kijiko changu hata kimoja. Lakini mwili ni wake. Namna anavyokohoa kabla ya kusema, namna anavyofunga kitenge upya akikasirika, lile "eeeh" lake refu, yote nimeyachukua kwake.

Kuna aliyenirekodi, na sasa video inazunguka kwenye simu za watu. Binti yangu aliiona shuleni. Akaniuliza, "Mama, kwa nini nkambo ni mbaya kwenye video?" Nkambo ndiyo bibi yake. Nikamwambia yule si nkambo, ni mchezo. Akasema, "Lakini anakohoa kama nkambo."

Jumapili iliyofuata nilikwenda mwenyewe Ruashi kuwachukua watoto. Mama mkwe alinipokea kama siku zote. Akasema, "Nasikia unachekesha watu. Ni vizuri." Hakuongeza neno, akanipa unga. Sijui ameiona au hajaiona. Usingizi umepotea.

Na sasa yule kijana ameandaa usiku mkubwa Kolwezi, mji anaoishi baba wa watoto. Anataka mama mkwe awe ndiye tangazo: picha yangu nimefunga kitambaa, nimeshika fimbo. Pesa ya usiku ule mmoja inazidi ninayopata kwa kuuza picha kwa miezi. Yaya, kaka yetu mkubwa, anasema haya yote ni ugonjwa wa talaka, niache kujiaibisha, nirudi kwenye uchoraji uliokuwa na heshima.

Mama, nimuue huyu mama mkwe wa jukwaani? Niende nikamwambie yule wa kweli, au kunyamaza ndiko heshima? Au Yaya ana haki, nimepotea njia na sijui?

Mchoraji wa Katuba

JIBU

Mwanangu wa Katuba, jambo yako. Barua yako nimeisoma, nikaiweka, nikairudia. Nilikaa sana pale mama mkwe wako aliposimama mbele ya wanaume wa ukoo wake. Wanaojua vikao vya namna hiyo wanajua ujasiri alioutumia, na naona wewe unaujua kuliko wote, ndiyo maana usingizi umepotea.

Umeniuliza kama vile ni swali moja, kuacha au kuendelea. Mimi naona mambo matatu. Kuna jukwaa, ambalo limekulisha na kukurudishia sauti wakati mkono ulipokataa. Kuna mama mzee wa Ruashi, ambaye kikohozi chake sasa kinachekesha watu wasiomjua. Na kuna uchoraji uliosimama, ambao Yaya anauita heshima yako. Tuyatazame mbalimbali, kwa maana unaweza kuamua moja leo na lingine ukaliacha likae.

Nianze na mtu ambaye hukuniuliza habari zake, binti yako. Katika barua nzima yeye peke yake ndiye aliyeuliza wazi. Ulimjibu kwamba ni mchezo, naye akakuonyesha kwa utaratibu kabisa kwamba jibu halitoshi. Mtoto wa miaka 12 anayetoka kwako kwenda kwa nkambo kila Jumapili amebeba kitu ambacho hajui kama anaruhusiwa kukisema akifika kule. Kabla hujafikiria Kolwezi, kabla hujafikiria kwenda Ruashi, ningependa ukae naye. Mwambie ni kweli, kikohozi ni cha nkambo. Mwambie maneno yale si ya nkambo. Mweleze kwa nini watu wakubwa huchukua sura ya mtu wanayempenda na kuitia maneno ya mtu mwingine, kama wewe mwenyewe unalijua jibu. Kama hulijui, mwambie bado unalitafuta. Na zaidi ya yote mwondolee mzigo: hana kazi ya kuficha video, na hana kazi ya kuipeleka.

Sasa mama mkwe. Umesema hujui kama ameona, halafu umekosa usingizi kana kwamba unajua. Maneno yake, "Nasikia unachekesha watu, ni vizuri," yanabeba mengi. Pengine ni mama aliyesikia habari nusu akafurahi kwamba umepata kazi. Pengine ameona kila kitu na amechagua kukupa nafasi useme mwenyewe. Pengine ameona, akacheka, kwa sababu wazee wetu wana vicheko ambavyo sisi hatuvitarajii. Na pengine ameumia. Hofu yako imechagua hili la mwisho, na sikulaumu. Lakini ukienda kwake ukiwa umeshaamua kwamba ameumia, utamsikia yule wa hofu yako, na mwenyewe hutamsikia.

Niseme pia jambo la desturi, kwa maana nadhani linakusumbua hata kama hukulitaja. Katika makabila yetu mengi ya huku, utani una mahali pake. Mjukuu humtania nkambo wake, humwita mke wake au mume wake, na watu wanacheka. Kuna koo zinazotaniana hata msibani, na hakuna anayekasirika. Mkwe na mkwe hawana utani huo. Kati yao kuna heshima na umbali, na umbali huo uliwekwa ili upendo usivunjwe na maneno ya siku moja. Kwa hiyo ukimfanya mkwe kichekesho mbele ya watu, unagusa mahali ambapo wazee walikuwa waangalifu sana. Sikwambii haya nikufunge. Nakwambia ili ujue kwamba uzito unaousikia una sababu, hautoki kwenye talaka peke yake. Ajabu ni kwamba watoto wako wangeweza kumwiga nkambo wao mbele yake, kikohozi na yote, naye angefurahi.

Umesema ukumbini walikuelewa papo hapo, na miaka yote ya picha ulingoja. Naielewa furaha hiyo. Lakini hebu tuulize walielewa nini. Watu wa Kamalondo walipomcheka yule anayehesabu vijiko, walimcheka mama mkwe wanayemjua wote, yule wa hadithi, ambaye kila mmoja alikuja naye kutoka nyumbani. Wako hawakumwona. Kile kilichokupata wewe, kikao kile, sentensi ile, unyamavu ule wa wanaume, hakijafika jukwaani hata siku moja. Yale ya mwanzo kwenye maonyesho ya rafiki yako, macho yanayotafuta makochi, yule mama anayeomba kwa sauti, hayo yalikuwa ya kwako, na walicheka mpaka machozi pia. Sina hakika, basi, kwamba ukumbi unampenda mama mkwe peke yake. Labda kijana mwandaaji ndiye mwenye hakika hiyo, kwa sababu ni rahisi kumweka kwenye tangazo.

Mji wetu unajua kucheka mambo ya nyumbani. Kundi la Mufwankolo lilicheza kwa miaka mingi kwenye redio na televisheni kwa Kiswahili chetu cha Lubumbashi: ugomvi wa mume na mke, ndugu wanaokuja kukaa bila kuaga, pesa ya mwezi inayopotea njiani. Tulijiona humo na hatukukasirika. Hata jina Mufwankolo lilikuwa jina la jukwaani. Mwigizaji alivaa mtu mwingine, na mtazamaji alijua amemvaa. Kwako wewe kuna jambo moja tofauti. Unasimama kwa jina lako na talaka yako, watu wanajua uliolewa wapi, kwa hiyo ukisema "mama mkwe" hawana kazi ya kutafuta nyumba. Hapo ndipo naona tatizo, zaidi kuliko kwenye kicheko chenyewe.

Una njia kadhaa, na kila moja ina gharama yake.

Unaweza kuendelea na kunyamaza. Pesa itaingia, na huenda mama mzee asiseme lolote mpaka mwisho. Lakini video haina njia ya kurudi, na Kolwezi kuna mtu anayekijua kikohozi kile kuliko wewe. Baba wa watoto akimwona mama yake kwenye tangazo ukutani, anaweza kucheka, anaweza kuja juu. Kuna watu waliotumia vitu vidogo kuliko hivyo kurudi mahakamani kwa habari ya watoto. Sheria ya familia yetu, ile ya 1987 iliyorekebishwa 2016, inamwangalia mtoto na maslahi yake, kwa hiyo sidhani vichekesho pekee vinaweza kukunyang'anya watoto. Kilicho karibu zaidi ni kwamba Jumapili za Ruashi zinaweza kukatwa na watu wengine wa ukoo, hata bila mama mkwe kutaka, na hilo lingewaumiza watoto kuliko hukumu yoyote. Tena kumchafulia mtu jina hadharani ni kosa katika sheria zetu za adhabu. Sioni yeye akikushitaki, lakini hayuko peke yake katika familia ile.

Unaweza kwenda kumwambia. Ndicho moyo wako unachotaka, nadhani, na nakuomba ujiulize unakwenda kupeleka nini. Mtu anaweza kuungama ili alale yeye, na kumwachia mzee kazi ya kukosa usingizi. Ukimfungulia simu na kumwonyesha video, umemlazimisha acheke au alie mbele yako, na mama wa aina yake atasema "hakuna shida" hata kama shida ipo. Ukimwomba ruhusa, lazima uwe tayari kwa "hapana", na uwe umeshafikiria utamwambia nini yule kijana siku hiyo hiyo. Kama una shangazi au wifi anayeaminiwa pande zote mbili, desturi yetu ya kumtanguliza mtu ina hekima hapa: humpa mzee nafasi ya kusikia bila kuangaliwa usoni. Kama utakwenda mwenyewe, nenda siku ambayo watoto hawapo. Na usianze na video. Anza na kile kikao cha mali ya kuoa. Sijaona katika barua yako kwamba uliwahi kumshukuru kwa maneno. Labda ulimshukuru. Kama bado, shukrani hiyo inaweza kutangulia, na mengine yatapata mahali pa kukaa.

Unaweza pia kumbadilisha yule wa jukwaani. Mwondolee kikohozi, kitenge na "eeeh", mpe mwili ambao si wa mtu yeyote. Hatari ni kwamba anaweza kufa mikononi mwako, kwa maana wewe umezoea kuona kwanza na kuunda baadaye, na kilichomfanya awe hai ni kwamba ulimwangalia mtu vizuri, kwa miaka, kwa upendo. Au unaweza kufikiria kusimulia ukweli, mjane aliyewanyamazisha wanaume. Ningependa kuisikia hadithi hiyo, nakiri. Lakini tahadhari hapo pia. Kikao kile kilikuwa cha ndani. Kumsifu mtu mbele ya ukumbi bila kumwuliza ni kumtumia pia, hata kama makofi ni mengi, na ndugu zake waliofedheheka siku ile wangefedheheka mara ya pili, safari hii mbele ya mji.

Kuacha kabisa ni njia pia, na sitaidharau. Ninachohofia ni kwamba ukiacha kwa hofu, bila kuzungumza na yeyote, unaweza baada ya mwaka kuanza kumwona mama mkwe na watoto kama waliokunyang'anya jukwaa, na wao hawakukuomba.

Nije kwa Yaya. Anakupenda, na amekuona ukilia, kwa hiyo anataka kukurudisha mahali alipokuona mzima. Lakini anakumbuka vizuri? Uchoraji anaouita heshima leo ndio ule ambao baba yenu alitaka ubadilishwe na mamba muntu. Sisi watu wa mji huu tumeona wachoraji wakibadilika. Pale kwenye Hangar, ile shule ya uchoraji ya Romain-Desfossés iliyofunguliwa 1946, Bela Sara aliweka brashi pembeni akapaka rangi kwa ncha za vidole, na picha zake zinatafutwa mpaka leo. Sikwambii kwamba wewe ni Bela, wala kwamba vichekesho ni uchoraji. Nasema hakuna haja ya kukubali kwamba mmoja ni afya na mwingine ni ugonjwa. Turubai zilizosimama hazikudai jibu mwezi huu. Ila ukosefu wa usingizi ukiendelea, au ukiona huli, huongei na watoto, usingoje tuandikiane barua. Nenda ukaonane na daktari.

Lenye tarehe ni Kolwezi tu, basi tulipe nafasi yake. Kijana mwandaaji anakuhitaji kuliko anavyoonyesha. Mwombe muda kabla tangazo halijachapwa. Mwulize kwa maandishi: nani ana haki ya kurekodi, video itawekwa wapi, na je, utalipwa ile ile ukija na majirani na makochi, bila mama mkwe? Jibu lake kwa swali hilo la mwisho litakuonyesha kama anakualika wewe au anaalika fimbo na kitambaa. Na kama atasema mama mkwe au hakuna, bado hutakuwa umelazimika kukataa. Utakuwa umejua bei yake, na utaipima ukiwa macho.

Mimi sitakuchagulia. Sijakaa kwenye baraza la Ruashi, na wewe unajua sauti ya mama yule akiwa amefurahi na sauti yake akiwa ameficha jambo. Ningekuomba tu ufuate mpangilio: binti kwanza, halafu yule kijana mwandaaji ili upate muda, kisha Ruashi, bila haraka. Ukishazungumza na binti niandikie, uniambie yeye alisema nini, kwa maana nina hisia kwamba ana la kusema kuhusu nkambo wake ambalo mimi na wewe hatujalifikiria.